Maisha ya Mwalimu Banlu Katika Mifuko ya Ndizi

Jumatatu asubuhi Bi Prayong alimaliza riwaya ya kurasa mia nne, na kufikia adhuhuri riwaya hiyo ilikuwa imebeba ndizi.

Wateja wa soko la Ban Lat hawakuhitaji kuelezwa. Walipopokea ndizi zao za kukaanga, za moto, zilizogandwa na ufuta na nazi, kwanza waliugeuza mfuko huku na huku kuona ni kitabu gani kimeanguka mtihani safari hii.

"Hiki nacho umekikata?" aliuliza Bi Samniang, muuza tambi wa meza ya pili, akiusoma mfuko wake. "Mbona kina mapenzi, mwenzangu?"

"Mapenzi yapo," alisema Bi Prayong, akigeuza ndizi kwenye karai. "Lakini yule bibi harusi anaishi kwenye jumba la vyumba kumi na vinane, na humo ndani hakuna hata mtu mmoja anayeosha sahani. Wanakula, wanapigana makofi, wanalia, wanakula tena. Nani anaosha? Nimemngoja muosha vyombo mpaka ukurasa wa mwisho."

"Labda anaosha wakiwa wamelala."

"Basi mwandishi angenitajia."

Alikuwa na miaka sitini na mmoja, mwembamba, mwenye miwani iliyorukiwa na mafuta hata dunia yote aliiona kama kupitia mvua. Duka la kukodisha riwaya karibu na kituo cha treni lilipofungwa, mwenye duka aliuza vitabu vyake vyote kwa kilo, na Bi Prayong akavinunua kwa ajili ya mifuko. Mwenzake yeyote wa kazi hiyo angevichana siku hiyo hiyo. Yeye alishindwa kuchana kitabu ambacho hajakisoma. Kilichompendeza kilikwenda kwenye kabati la vioo nyumbani. Kisichompendeza kilikwenda kwa mumewe, Mzee Tuam, aliyekunja mifuko sebuleni na kuigundisha kwa uji wa unga wa mhogo huku akitazama ngumi kwenye televisheni.

Vitabu vya marehemu tu ndivyo havikuguswa. Familia inayojiheshimu, siku ya kumchoma maiti wake hekaluni, hugawa kitabu: picha ya marehemu, maisha yake, na mwishoni mapishi mawili matatu ili mtu asirudi nyumbani mikono mitupu. Bi Prayong hakukosa mazishi, na wasiomjua walidhani ni mcha dini. Aliporudi alikaa akasoma, kisha akapika yale mapishi, kwa imani kwamba anayedanganya kwenye chungu amedanganya na kwingine. Marehemu mmoja alichapishiwa supu ya samaki isiyo na chumvi. Alishushwa rafu jioni ile ile. Rafu zenyewe zilikuwa mbili. Ya chini, alipolala paka, ilikuwa imejaa. Ya juu ilikuwa na vitabu vitatu.

"Ukivisoma hivi," alizoea kusema, "utaona hapa kwetu hajawahi kufa mtu mvivu. Hajafa aliyekoroma. Wote waliamka alfajiri, wote walipenda haki, hakuna aliyemwambia mwenzake neno baya. Sasa haya maneno mabaya ninayoyasikia hapa sokoni kila siku yanasemwa na nani?"

Aliyemsikiliza zaidi kuliko wote alikuwa Mwalimu Banlu, mwalimu mkuu mstaafu, mjane wa miaka sabini na minane. Alikuja kila alasiri, akaketi kwenye kigoda kile kile kando ya karai, na kubishana. Alikuwa amemfundisha Bi Prayong darasa la nne, na mpaka leo alimsahihisha kama vile ripoti ya mwisho wa muhula haijatoka.

Jumamosi moja alifika na furushi la kitambaa cha buluu. Ndani mlikuwa na rundo la karatasi ndefu, zilizopigwa taipureta upande mmoja.

"Prayong," alisema, "hiki ni kitabu changu cha mazishi."

Bi Prayong alimtazama kuanzia kofia mpaka ndara. "Unaumwa, Mwalimu?"

"Siumwi. Lakini nina watoto watatu, na wawili ni wahandisi. Nikiwaachia wao waandike, nitatoka kama mkataba wa daraja."

"Kwa hiyo unataka nini kwangu?"

Mwalimu alishusha sauti, jambo ambalo si kawaida yake. "Vitabu hivi mimi nimeona vinakoishia. Cha mkuu wetu wa wilaya wa zamani kinazuia mlango wa kinyozi usipigwe na upepo. Cha rafiki yangu Sanguan kiko chini ya mguu wa meza. Na meza yenyewe ni hii hapa, ya Samniang."

"Meza ilikuwa inayumba," alisema Bi Samniang bila kuinua macho kwenye tambi zake. "Ni kitabu kizuri. Kizito."

"Umeona. Mwandishi wa kitabu cha mazishi hapati kusikia wasomaji wamesemaje. Mimi nataka kujua nikiwa hai: yupo mtu atakayenisoma mpaka mwisho? Ukisema hayupo, sichapishi. Watoto watagawa vichupa vya dawa ya mafua, watu wanuse waende zao. Utaniambia kweli?"

"Lini nimekwambia kingine?"

"Darasa la nne. Ulisema nyati amekula kazi yako ya nyumbani."

"Alikula, Mwalimu."

"Soma," alisema Mwalimu, akamwachia furushi. Nakala nyingine hakuwa nayo. Nakala, alisema, ni za watu wasio na uhakika.

Jioni hiyo Bi Prayong alijilaza kwenye kiti cha uvivu akaanza kusoma. Kitabu kilianza na Kamati ya Maji. Ilifuata Kamati ya Uzio, iliyokutana mara nyingi kuliko uzio wenyewe ulivyostahili. Ikaja semina ya matunzo ya vyoo vya shule, siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu, na majina ya waliohudhuria. Kwenye ukurasa kama wa thelathini hivi, Mwalimu akisubiri nishani yake, Bi Prayong alipitiwa na usingizi na kitabu kifuani.

Kesho yake, Jumapili, soko lilifurika. Alikaanga tangu alfajiri bila kuinua kichwa. Ilikuwa karibu saa sita Kasem, dereva wa pikipiki ya abiria, aliporudi na mfuko mtupu mkononi.

"Shangazi," alisema, "hebu niambie. Yule nyati alikula kweli, au ulimsingizia?"

"Nyati gani?"

"Huyu wa darasa la nne. Imeandikwa hapa. 'Mwanafunzi Prayong alishikilia maneno yake hata baada ya nyati kuletwa mbele ya darasa.' Sasa ukurasa umekatika hapo. Nyati alisemaje?"

Bi Prayong alimpokonya mfuko. Akautazama, akaitazama foleni. Kila mtu kwenye foleni alikuwa anasoma. Alizima moto, akamwachia Bi Samniang karai, akaenda nyumbani kwa mwendo ambao watu wa mtaa ule hawakuwa wamemwona nao tangu mwaka wa mafuriko.

"Kile kitabu cha kitambaa cha buluu kiko wapi?" aliuliza.

"Nimekimaliza," alisema Mzee Tuam, macho kwenye ngumi.

"Umekisoma?"

"Nimekikunja. Karatasi nzuri, pana. Mifuko imetoka mikubwa."

"Nani alikwambia ukikunje?"

Mzee Tuam aligeuka, ameumia kidogo. "Ulikikoromea, mama. Miaka yote hii kitabu ukikikoromea mimi nakikunja. Tulikubaliana."

"Mimi sikoromi."

"Basi kilikoroma chenyewe."

"Tuam, kile ni cha mazishi ya Mwalimu Banlu."

Mzee Tuam alitoa kofia kwa heshima. "Masikini. Amefariki lini?"

"Hajafariki."

"Aa," alisema, akairudisha kofia kichwani. "Basi ana nafasi ya kuandika kingine."

Alasiri Mwalimu alifika kwa wakati wake, akaketi kwenye kigoda chake. Bi Prayong hakuzunguka mbuyu. Alimwambia furushi limekunjwa, limetiwa ndizi, limeuzwa, na kwamba ilikuwa Jumapili, siku ya wateja wengi.

Mwalimu alizitazama ndizi zilizokuwa kwenye mafuta mpaka zikabadilika rangi. "Lakini ulikuwa umekisoma kwanza," alisema.

"Nilifika thelathini."

"Na?"

Hapo ndipo mtu mwingine angepata kikohozi. "Nililala," alisema Bi Prayong.

Mwalimu alisimama, akafungua mwavuli wake, ingawa jua lilikuwa linachoma, akaondoka. Ndizi zake aliziacha kwenye sahani.

Wakati wa kufunga, Bi Prayong aliinua rundo la mifuko na kukuta mmoja umebaki chini kabisa, umegandana na gazeti la kutandikia. Aliubandua akausoma kwa kusimama. Aliusoma tena. Bi Samniang akiwa hapo meza ya pili alinusa mara mbili, akageuka, akaona jambo ambalo halikuwahi kutokea: ndizi za Prayong zilikuwa zinaungua. Mwenyewe alizima moto. Aliukunja ule ukurasa akautia mfukoni mwa aproni.

Jumatatu Mwalimu hakuja. Jumanne hakuja. Mteja mmoja mgeni alitaka kukalia kigoda, akatazamwa mpaka akakumbuka kwamba anapenda kusimama. Jumatano asubuhi Bi Prayong alibandika kibao mbele ya karai: arudishaye mfuko wa Jumapili atapewa ndizi tatu bure.

Mifuko ilianza kurudi kabla gundi ya kibao haijakauka. Wengine walileta mmoja mmoja, wengine ya familia nzima. Mwanamke mmoja alileta iliyooshwa kwa sabuni. Bi Prayong aliifumua, akainyunyizia unga wa mchele ili unyonye mafuta, akaipiga pasi. Ijumaa alikuwa na rundo la kutosha. Alilifunga kwenye kile kitambaa cha buluu, akalipeleka nyumbani kwa Mwalimu.

Mwalimu alimfungulia mlango bila salamu, lakini alipoona furushi alivaa miwani. Alizipanga karatasi sakafuni, moja baada ya nyingine, na kadiri alivyopanga ndivyo uso ulivyokunjuka.

"Kamati ya Maji, ipo," alisema. "Kamati ya Uzio, yote. Semina, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Orodha ya waliohudhuria, haina hata doa. Nishani, hii hapa. Prayong, watu wa Ban Lat wana heshima kuliko nilivyodhani. Yote ya maana yamerudi."

"Na ambayo hayajarudi?"

Mwalimu alizipuuza kwa kupunga mkono. "Ya kujazia. Yule nyati wako. Siku niliyokwenda posa. Kenge kwenye droo. Nilipokuwa mtawa. Na mengine madogo hivyo. Hayana hasara."

Bi Prayong alikaa chini, kwenye nafasi iliyobaki kati ya Kamati ya Uzio na semina. "Mwalimu, nikuulize. Watu wa hapa kwetu wanapenda ndizi za bure?"

"Kuliko wazazi wao."

"Basi hizo zingine kwa nini hazikurudi?"

Mwalimu alifungua mdomo ili amsahihishe, akakosa kosa la kusahihisha. Alizitazama karatasi zake sakafuni, safi, zimenyooka, zimerudi zote. Hakuna aliyezitaka. Alivua miwani.

"Hizo zingine wamezitupa," alisema.

"Vaa viatu, tukaone," alisema Bi Prayong.

Walianza karibu. Bi Samniang alikuwa na ukurasa wa posa, ameutia kwenye fremu ya kioo, ameutundika juu ya sufuria ya mchuzi.

"Huu ni wangu," alisema kabla hajaulizwa. "Miaka arobaini nawaambia wanangu Mwalimu Banlu aliwahi kuniletea posa, hawaamini. Wananiambia mama umekula pilipili nyingi."

"Samniang," alisema Mwalimu, "tulikosea nyumba. Tulikuwa tunakwenda kwa Saiyut, mke wangu, nyumba ya tatu mbele. Mjomba wangu ndiye aliyekuwa anaongoza msafara, na alikuwa amelewa."

"Najua. Na umeandika vizuri. Mpaka pale unaposema, 'Binti alipotoka na maji ya kunywa, nilisita kidogo kuwaambia wazee kwamba tumekosea.'" Alimgeukia Bi Prayong. "Alisita. Imepigwa taipureta."

"Nilisita kwa adabu."

"Hukuandika adabu. Umeandika kidogo."

Hakuutoa. Alichokubali ni Mwalimu aketi pale pale kwenye meza ya tambi anakili, na Bi Samniang akasimama nyuma yake akifuatisha kwa kidole. Alipofika kwenye "nilisita" kalamu ikasimama. "Andika," alisema Bi Samniang. "Na hiyo 'kidogo' ukitaka itoe."

Kasem hakuwa na ukurasa wa nyati tu. Alikuwa na wa kenge pia, amenunua kwa jirani kwa safari mbili za bure. Mwanafunzi aliyemfungia mwalimu kenge kwenye droo ya meza alikuwa baba yake mzazi.

"Mzee wangu alinichapa kwa kuchelewa shule siku mbili tu," alisema. "Kumbe yeye! Sasa kila akianza kunihubiria, nautoa naanza kusoma. Ananyamaza mwenyewe. Mwalimu, huu ukurasa umenipa amani ndani ya nyumba."

"Na nyati?" aliuliza Mwalimu. "Uliufikia mwisho wake?"

"Nilimtafuta mwenye mfuko wa pili mtaa mzima. Nimempata kwa fundi cherehani." Kasem alimtazama Bi Prayong kwa pembe ya jicho. "Inaonekana nyati alicheua karatasi."

"Nilisema," alisema Bi Prayong.

Hekaluni, Mtawa Mkuu aliwapokea kwa ukarimu, akakiri kwamba ndizi alizotolewa sadaka Jumapili zilikuja ndani ya ukurasa wa utawa wa Mwalimu. Kijana Banlu, siku zake za utawa, alikuwa amepanda juu ya dari la jiko baada ya adhuhuri, wakati mtawa haruhusiwi kula, akala ndizi kumi na moja gizani, na dari likakatika.

"Nimewasomea vijana mara mbili," alisema Mtawa Mkuu. "Nimehubiri miaka mingi juu ya tamaa, hawajawahi kunisikiliza hivi. Wameuliza kama kuna zaidi."

"Baba, mimi nilitaka nikumbukwe kwa uzio," alisema Mwalimu.

"Uzio ulianguka, mwanangu," alisema Mtawa Mkuu kwa upole. "Na wewe ulianguka. Wamechagua."

Ilichukua wiki nzima. Alasiri baada ya alasiri Mwalimu Banlu alikaa kwenye jiko la mtu, au kibaraza cha mtu, akinakili maisha yake mwenyewe chini ya macho ya wenye kurasa, waliomkataza kuongeza sifa na kupunguza aibu. Wengine walimsimulia waliyoyakumbuka wao. Wengine walimwambia hapa amesema uongo. Alirudi nyumbani akiwa amechoka na amenenepa kidogo, kwa kuwa hakuna aliyemwacha aandike bila kumpa chakula.

Jumatatu iliyofuata alitokea sokoni, akaketi kwenye kigoda chake kama mtu aliyetoka kujisaidia tu.

"Kamati nimezitoa," alisema.

"Zote?"

"Nimebakiza ya Maji. Nusu ukurasa."

Bi Prayong alifikiri. "Nusu itavumilika."

"Umebaki ukurasa mmoja ambao hauko kwa mtu yeyote. Nimeuliza kila nyumba. Ule nilioandika juu yako na hizi ndizi."

"Labda panya," alisema Bi Prayong, akishughulika na moto ambao haukuhitaji kushughulikiwa.

"Labda. Si kitu, nitauandika upya, naukumbuka. Niliandika kwamba siku hizi ndizi za Prayong zimezidi sukari."

"Chumvi," alisema Bi Prayong. "Uliandika zimezidi chumvi."

Bi Samniang aliacha kukata vitunguu.

Mwalimu Banlu alikunja mikono juu ya mpini wa mwavuli wake. Alikuwa na uso ule ule wa miaka hamsini iliyopita, mtoto anapojifunga mwenyewe ubaoni. "Na baada ya chumvi," aliuliza taratibu, "niliandika nini?"

Bi Prayong aligeuza ndizi moja, kisha ya pili. Baada ya chumvi ukurasa ulisema kwamba tangu Saiyut afariki mwandishi hajawahi kupenda sana ndizi, lakini huja kila siku, kwa sababu nyumbani sasa akikosea hakuna wa kumwambia.

"Uliandika ulichoandika," alisema.

"Uko wapi?"

"Rafu ya juu."

Mwalimu aliegemea mbele. "Ukurasa mmoja peke yake? Na vile vitabu vitatu?"

"Kurasa zingine hazijafika. Zikifika tutaona." Alimwekea ndizi kwenye sahani, si kwenye mfuko. "Na ukiuandika upya, usibadilishe kitu."

Mwalimu Banlu alichukua moja, akaipuliza, akauma, akatafuna kwa muda mrefu akiwa amefumba macho.

"Chumvi," alisema.

"Huna ulimi," alisema Bi Prayong, na akamsogezea sahani.